Ruzuku ya Bima ya Afya: Kati ya Hohehahe na Mwenye Mshahara

Kiswahili si bahili wa maneno kuhusu umaskini. Kuna hohehahe, ambaye hana mbele wala nyuma. Kuna fukara, mkata na mchochole. Kuna maskini, ambaye huenda ana kibanda na kuku wawili. Na kuna mlalahoi, ambaye huchapa kazi kutwa na usiku hulala akiwa hoi. Kamusi aghalabu huyafasiri maneno haya kwa kumrejesha msomaji kutoka moja hadi jingine, lakini wasemaji hawayatumii kiholela. Mtu haitwi hohehahe maadamu ana jembe na mahali pa kulima. Hata katika mafundisho ya zaka, yanayofahamika vyema katika mwambao wa Afrika Mashariki, fakiri na maskini huhesabiwa kuwa makundi mawili, kila moja likiwa na fungu lake.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, ambayo Rais William Ruto aliitia saini tarehe 19 Oktoba 2023, haina utajiri huo. Mbele yake mna watu wa namna mbili tu: anayeweza kuchangia na asiyejiweza. Asiyejiweza hulipiwa na serikali, na aliyesalia hujilipia mwenyewe. Kati yao hamna kipandio chochote. Humo ndimo walimo Wakenya wengi, na humo ndimo bima mpya inamokwamia. Kasoro hii haitaondolewa kwa kuongeza idadi ya watu wanaolipiwa kila kitu, kama inavyodhaniwa na wengi, bali kwa kubadilisha namna ruzuku yenyewe inavyokokotolewa.

Kabla ya kuingia katika hesabu, ni vyema kuyatazama maneno mawili yanayotumiwa sana katika mjadala huu. Neno bima liliingia katika Kiswahili kutoka Kihindi pamoja na biashara za Bahari ya Hindi, na tangu zamani hutumiwa kwa maana ya kununua utulivu: mtu hukata bima ya jahazi au ya duka ili hasara ikija isimwangushe. Ruzuku nayo ina asili ya Kiarabu na ni ndugu wa damu wa neno riziki. Mola humruzuku mja wake. Mja hupokea na kushukuru, hadai. Huenda ndiyo maana neno hili linapotumiwa katika siasa huja na harufu ya hisani. Mwanasiasa hutangaza ruzuku ya mbolea au ya unga kana kwamba ameitoa mfukoni mwake, na umma hupiga makofi. Katika sheria ya bima, hata hivyo, ruzuku si hisani. Ni sehemu ya hesabu. Bila hiyo, bima ya lazima kwa watu wote haiwezi kusimama.

Sababu yake si ngumu kueleweka. Bima huishi kwa wengi wazima kuwalipia wachache wagonjwa. Pale ambapo kujiunga ni hiari, mzima husubiri na mgonjwa hukimbilia kujiandikisha. Hazina hulipa zaidi ya inavyopokea, ada hupandishwa, na wazima wachache waliokuwamo hutoka. Ili kuuzuia mzunguko huo, sheria humlazimisha kila mtu achangie. Lakini mtu hawezi kulazimishwa kutoa asichokuwa nacho. Hivyo basi, anayetunga sheria ya kulazimisha hana budi kutunga pia kanuni ya kumsaidia atakayeshindwa, na kanuni hiyo ndiyo ruzuku. Lazima na ruzuku ni pacha; ukizaa mmoja ukamsahau mwingine, sheria hubaki karatasini.

Kenya imelikwepa jambo hili kwa miaka mingi. Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, iliyojulikana zaidi kwa jina la NHIF, iliundwa mwaka 1966, miaka mitatu baada ya uhuru. Iliwalenga wenye mishahara kwa sababu mishahara yao ilikuwa rahisi kukatwa. Wakulima, wavuvi, wachuuzi na mafundi wa jua kali walifunguliwa mlango wa hiari baadaye, na wengi hawakuuingia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilipoanza kuwatoza wagonjwa sehemu ya gharama katika hospitali za umma, pengo kati ya mwenye kadi na asiye na kadi lilizidi kupanuka.

Jaribio kubwa la kwanza la kuliziba lilikuja mwaka 2004. Waziri wa Afya wa wakati huo, Charity Ngilu, aliwasilisha mswada wa kuunda hazina ya bima ya afya ya jamii kwa Wakenya wote, tajiri na maskini. Bunge liliupitisha Desemba mwaka huo. Rais Mwai Kibaki hakuutia saini. Gharama yake ilionekana kuwa mzigo ambao serikali isingeweza kuubeba. Wapo waliomlaumu Rais kwa uoga na wapo waliomsifu kwa busara. Lililo bayana ni kwamba mswada ule ulizama katika swali lile lile moja: nani atalijaza pengo la asiyeweza kulipa? Swali halikujibiwa, likaahirishwa.

Yaliyofuata yalikuwa viraka. Mwaka 2013 ada zilifutwa katika zahanati na vituo vya afya vya umma, na akina mama wakaruhusiwa kujifungua bila malipo katika hospitali za serikali. Mwaka 2014 ulianzishwa mpango wa majaribio wa kuzilipia bima familia fukara zilizoteuliwa, kwa usaidizi wa Benki ya Dunia. Mwaka 2015 viwango vya NHIF, ambavyo kwa muda mrefu havikuwa vimezidi shilingi 320 kwa mwezi, vilipandishwa: mwenye mshahara wa shilingi 100,000 au zaidi akawa analipa 1,700, na aliyejiajiri akapandishwa kutoka shilingi 160 hadi 500. Mwaka huo huo Mahakama Kuu iliamua kwamba kuzuiliwa hospitalini kwa wanawake wawili walioshindwa kulipa gharama za kujifungua kulikiuka haki zao za kikatiba. Msomaji na avipime visa hivyo pamoja: huku ada ikipanda mara tatu kwa mchuuzi, huku mahakama ikilazimika kuikumbusha nchi kwamba wodi si gereza.

Sheria ya 2023 ilikusudiwa kuufunga ukurasa huo. Iliivunja NHIF na mahali pake ikaweka Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo Wakenya huiita SHA, pamoja na hazina tatu: moja ya huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, ambayo hugharamiwa na serikali, ya pili ya bima yenyewe, inayogharamia matibabu ya hospitali, na ya tatu ya dharura na maradhi sugu. Safari yake haikuwa shwari. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama Kuu iliibatilisha pamoja na sheria nyingine mbili dada, miongoni mwa sababu ikiwa ni upungufu wa ushirikishwaji wa umma. Mahakama ya Rufaa iliusimamisha uamuzi huo Septemba, na tarehe 1 Oktoba 2024 hazina mpya ikaanza kazi.

Kanuni za mwaka 2024, zilizotungwa chini ya sheria hiyo, zinamtaka mwenye mshahara achangie asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato, bila kikomo cha juu. Katika hili pana haki ambayo haikuwapo awali. Karani wa shilingi 20,000, ambaye chini ya NHIF alikuwa akilipa 750, sasa hukatwa 550. Mkurugenzi wa shilingi 500,000, ambaye alikuwa akilipa 1,700 kama mwalimu wa sekondari anayepokea laki moja, sasa hukatwa 13,750. Malalamiko ya wakurugenzi yamesikika sana kwa kuwa wana vinywa vya kusemea. Hata hivyo, mwenye kipato kikubwa kumbeba mwenye kidogo ndiyo roho ya bima ya jamii, na kwa upande huo kanuni hazina lawama. Ajabu ni kwamba mwajiri hukata na kuwasilisha tu. Yeye mwenyewe hatoi senti. Ujerumani, ambako bima ya afya ya wafanyakazi ilianza kwa sheria ya 1883, mwajiri alitozwa theluthi moja tangu mwanzo. Jirani Tanzania, mchango wa asilimia 6 katika bima ya watumishi wa umma umekuwa ukigawanywa nusu kwa nusu kati ya mwajiri na mwajiriwa. Hilo ni somo la siku nyingine, ila liwekwe akilini kwa kuwa linahusu mahali ambapo fedha zaweza kutoka.

Matatizo yanaanza chini. Kaya isiyo na mshahara nayo hutakiwa kutoa asilimia 2.75 ya kipato chake, lakini mchango hauwezi kupungua shilingi 300 kwa mwezi. Mchango huo hulipwa wa mwaka mzima kwa mkupuo, kabla ya huduma. Sakafu ya shilingi 300 inaonekana ndogo, na kwa hakika ni nafuu kuliko shilingi 500 za NHIF. Wasemaji wa serikali hawakosi kuikumbusha nchi jambo hilo, na ni kweli. Lakini hesabu ya uwiano husimulia kisa kingine. Shilingi 300 ni asilimia 2.75 ya shilingi 10,909. Kwa hiyo yeyote anayepata chini ya hapo kwa mwezi hutozwa sehemu kubwa zaidi ya kipato chake kuliko inavyotozwa sehemu ya mkurugenzi.

Achukuliwe kwa mfano mama anayeuza mchicha na sukuma wiki katika soko la Kongowea, Mombasa. Siku njema hubakiwa na faida ya shilingi 250, na kwa siku 24 za kazi hupata shilingi 6,000. Kwake yeye shilingi 300 ni asilimia 5. Kama kipato cha nyumba ni shilingi 3,000, asilimia hupanda hadi 10. Tena halipi 300. Anapaswa kuwa na 3,600 mkononi kwa siku moja, yaani zaidi ya nusu ya pato lake la mwezi. Mtaji wake wote wa mboga pengine haufiki hapo. Akichagua bima, asubuhi ya kesho hana cha kununulia mchicha; akichagua mchicha, hana bima. Huyu si hohehahe. Ana meza sokoni, ana wateja na ana watoto wanaokwenda shule. Sheria inapomtazama, humwona mtu anayeweza kuchangia. Ni mlalahoi, na sheria haina kifungu cha mlalahoi.

Serikali yenyewe ilikiri ugumu wa malipo ya mkupuo ilipoleta mwaka 2025 utaratibu ulioitwa Lipa SHA Pole Pole, ambao humwezesha mtu kukopeshwa mchango wa mwaka kisha akaulipa kidogo kidogo. Jina lake ni tamu, na wanafunzi wa mitindo watalipenda kwa sababu limetumia Kiswahili cha watu. Lakini mkopo si ruzuku. Humgawia mtu mzigo katika mafungu bila kuupunguza uzito, na mwisho wa mwaka mama wa Kongowea atakuwa ametoa asilimia ile ile 5.

Linakuja sasa suala la kujua nani ana nini. Kwa kuwa mchuuzi hana hati ya mshahara, Mamlaka hutumia upimaji wa uwezo. Kaya huulizwa maswali: nyumba imejengwa kwa nini, paa ni la nini, maji hutoka wapi, chakula hupikwa kwa kuni au kwa gesi, kuna mifugo mingapi. Kila jibu hupewa uzito na hesabu ya kompyuta hukisia kipato. Mbinu hii hutumiwa katika nchi nyingi na haifai kudharauliwa, maana mbadala wake ni chifu au mzee wa mtaa kuandika majina apendavyo. Hata hivyo, dalili si kipato. Familia iliyopanga chumba kimoja mjini huishi juu ya sakafu ya saruji na chini ya paa la mabati ambayo si yake, ilhali mwenye ekari tano za chai anaweza kuwa bado anapikia kuni kwa mazoea. Mjane aliyeachiwa nyumba ya mawe hukisiwa kuwa na kipato cha marehemu mumewe. Kila upimaji wa namna hii huwaacha nje baadhi ya wanaostahili na kuwaingiza ndani baadhi wasiostahili. Kinachotofautiana ni kiwango cha makosa na ukubwa wa madhara yake.

Ukubwa wa madhara hutegemea umbo la ruzuku. Pale ambapo ruzuku ni mlango, yaani yumo au hayumo, kosa dogo la upimaji huwa janga. Pointi moja juu ya mstari humhamisha mtu kutoka kulipiwa shilingi 3,600 hadi kulipa 3,600. Uongo nao hupata soko, kwa kuwa anayefanikiwa kudanganya hupata vyote kwa mara moja. Ruzuku ingekuwa ngazi, kosa lile lile lingemsogeza mtu kipandio kimoja tu, tofauti ya shilingi thelathini au hamsini kwa mwezi, na hakuna anayehonga karani kwa shilingi thelathini. Hoja hii husahaulika sana katika mijadala, ambapo hofu ya wadanganyifu hutolewa kuwa sababu ya kuibana ruzuku.

Ngazi si ndoto. Rwanda, katika bima yake ya jamii iitwayo Mutuelle de Santé, iliacha mwaka 2011 mtindo wa ada moja kwa wote. Ikazipanga kaya katika madaraja: la chini kabisa likalipiwa faranga 2,000 kwa mtu, madaraja ya kati yakatakiwa kutoa 3,000 na la juu 7,000. Mpangilio huo ulikuwa na manung'uniko yake, hasa ya watu kuwekwa daraja lisilo lao, na ngazi yenyewe ilikuwa na vipandio vichache. Walakini Rwanda ilifaulu kuwafikia watu wengi kuliko jirani zake wote, na sehemu kubwa ya wakazi wake ni wakulima wasio na mishahara, sawa na wa Kenya.

Mfano wa pili unatoka mbali zaidi, nao unafaa kwa sababu unaonyesha ngazi na mlango katika sheria moja. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya bima iliyokuja kubandikwa jina la Rais Barack Obama. Soko lao ni la kampuni binafsi na bei zao ni za kutisha, kwa hiyo si kila kitu chao ni cha kuigwa. Kinachovutia ni fomyula. Sheria haikutaja kiasi cha ruzuku. Ilitaja sehemu ya kipato ambayo mtu anatarajiwa kuitoa, kuanzia takriban asilimia 2 kwa aliye karibu na mstari wa umaskini hadi takriban asilimia 9.5 kwa wa juu zaidi, kisha ikasema kwamba tofauti kati ya kiasi hicho na bei ya bima ya kipimo italipwa na serikali. Ruzuku ikawa ni jibu la hesabu ya kutoa. Bei ikipanda, ruzuku hupanda. Kipato kikipanda, ruzuku hupungua taratibu.

Lakini juu ya ngazi hiyo palikuwa na jabali. Aliyepata dola moja zaidi ya mara nne ya mstari wa umaskini hakupata chochote, na wapo walioona heri kupunguza saa za kazi kuliko kuvuka mstari. Sheria ya mwaka 2021 ililiondoa jabali hilo kwa kuamuru kwamba hakuna atakayetakiwa kutoa zaidi ya asilimia 8.5 ya kipato chake, na sheria ya 2022 ikaurefusha utaratibu huo hadi mwisho wa 2025. Kuwekewa tarehe ya kufa ndiko kulikokuwa udhaifu wake. Tarehe ilipokaribia, ubishi kuhusu kuurefusha tena ulikuwa kiini cha mvutano uliozifunga shughuli za serikali ya Marekani kwa siku 43 kati ya Oktoba na Novemba 2025. Mamilioni ya watu walibaki wakikisia watatozwa nini mwaka ukianza.

Msomaji wa Kenya hana haja ya kuwahurumia sana, kwa sababu ruzuku ya hapa kwao haina hata tarehe. Oktoba 2025 Rais Ruto alizindua mpango wa kuwalipia bima watu milioni 2.2 wasiojiweza. Ni hatua ya kupongezwa bila kigugumizi. Mzee aliyeachwa peke yake kule Turkana au Tana River hana sababu ya kusubiri nadharia zikamilike. Hata hivyo, takwimu rasmi za mwaka 2022 ziliwaweka takriban watu milioni 20, karibu asilimia 40 ya Wakenya, chini ya mstari wa umaskini. Katika kila maskini tisa, basi, mpango huu unamfikia takriban mmoja. Idadi ya wanaolipiwa imeamuliwa na fedha zilizopatikana, na fedha hizo hutegemea bajeti ya kila mwaka. Hao wanane waliosalia hawana kifungu cha sheria cha kushika mkononi na kusema, hiki ni changu. Ruzuku imerudi kuwa riziki, inayoshuka ipendapo.

Patakuwapo pingamizi la gharama, nalo ni la haki. Basi na ipigwe hesabu. Kama mama wa Kongowea angetozwa asilimia 2.75 kama wengine, angelipa shilingi 165 kwa mwezi, na serikali ingejaza 135 ili hazina ipate 300 zake. Kwa mwaka, pengo lake ni shilingi 1,620. Kaya milioni moja za namna yake zingehitaji shilingi bilioni 1.62. Si fedha kidogo, ila si fedha za kuifilisi nchi, na zinavuta nyuma yake karibu bilioni 2 ambazo kaya hizo zingetoa zenyewe na ambazo leo nyingi hazitoi kabisa. Hapa ndipo ugumu wa mpango wa sasa unapoonekana. Waliojiandikisha walizidi watu milioni 20 katika mwaka 2025, ilhali wanaolipa miongoni mwa wasio na mshahara ni sehemu ndogo. Katika nchi ambayo zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wako katika sekta isiyo rasmi, hazina inabebwa na wenye mishahara, na huo si msingi wa kudumu. Hazina inayodai 300 na kupata sufuri ina hali mbaya kuliko ile inayodai 165 na kupata 165.

Fedha za kujazia zaweza kuwekewa chanzo chake. Ghana, kwa sheria ya mwaka 2003, iliweka tozo ya asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma kwa ajili ya bima ya afya pekee. Sehemu kubwa ya mapato ya bima yao imetoka humo. Tanzania katika Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ilitaja sehemu ya ushuru wa vinywaji baridi, vileo na vipodozi miongoni mwa vyanzo vya kuwagharamia wasio na uwezo. Tozo maalumu nayo ina hatari zake, hasa Hazina Kuu inapoikusanya na kuchelewa kuikabidhi, jambo ambalo Ghana imelilalamikia miaka mingi. Mwajiri wa Kenya, ambaye kwa sasa hatoi kitu, ni chanzo kingine.

Sheria hiyo ya Tanzania ina jambo jingine linalowagusa wanaosoma na kufundisha Kiswahili. Muswada wake uliandikwa kwa Kiswahili, ukajadiliwa bungeni kwa Kiswahili, na muuza dagaa wa Mwanza aweza kukisoma kifungu kinachomhusu bila mkalimani. Lugha haikuondoa kasoro zote, maana nayo imewagawa watu katika wenye uwezo na wasio na uwezo, bila ngazi. Lakini iliwezesha kasoro hiyo kuonwa na wenye kuumia. Nchini Kenya, ambako Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, sheria na kanuni zote za bima hii zilitolewa kwa Kiingereza. Mwananchi alifikiwa na Kiswahili katika matangazo ya redio ya kumhimiza ajiandikishe. Yaani aliambiwa kwa Kiswahili alipe, akaachwa na Kiingereza kwa maelezo ya kwa nini na kiasi gani. Mahakama Kuu ilipozungumzia upungufu wa ushirikishwaji wa umma mwaka 2024, haikuwa ikizungumzia jambo la kufikirika.

Ipo kazi hapa kwa vyama vya Kiswahili vyuoni, na si ya kutafsiri istilahi tu. Kiingereza cha sheria hii humweleza asiyejiweza kuwa mtu maskini kiasi cha kushindwa kupata mahitaji ya msingi ya maisha. Mfasiri atakayechagua hohehahe atakuwa amewafungia nje mamilioni. Atakayechagua maskini atakuwa amewaingiza watu ambao kanuni haziwakusudii. Kila neno la Kiswahili litakalowekwa hapo litafichua kwamba kifungu chenyewe hakikuamua. Zoezi hilo la tafsiri, likifanywa kwa makini darasani, lingewapa wabunge hoja nzito kuliko maandamano.

Kwa bahati njema, kuijenga ngazi hakuhitaji sheria mpya. Kiwango cha asilimia 2.75 na sakafu ya shilingi 300 havimo katika sheria kuu. Vimo katika kanuni za mwaka 2024, na waziri anaweza kuzirekebisha kwa kuziwasilisha bungeni baada ya kuusikiliza umma. Lililobaki ni vikao hivyo kuitishwa, viitishwe Kongowea, Gikomba na Kibuye siku za soko, na rasimu inayosomwa mbele ya wachuuzi iwe katika lugha wanayopangia bei.